Microsoft To Do: orodha inayoanza upya kila asubuhi

Programu za kupanga kazi za kila siku ni nyingi, na anayetafuta moja ya kutumia hujikuta akilinganisha majedwali marefu ya vipengele: ipi ina lebo za rangi, ipi inaonyesha kalenda, ipi inakubali faili kubwa zaidi. Nimekuja kuamini kwamba ulinganisho wa aina hiyo huanzia mahali pasipofaa. Kuandika kazi si jambo gumu, kwani hata kipande cha karatasi kinatosha. Kilicho kigumu ni kuamua, siku inapoanza, ni zipi kati ya kazi hizo zitafanywa leo na ni zipi zinaweza kusubiri bila kuleta hasara. Kwa hiyo ninaipima programu ya orodha ya kazi kwa swali moja: je, inamfanya mtumiaji achague, au inamwachia lundo tu alitazame? Microsoft To Do, ambayo ndiyo ninayoitumia kwa shughuli za ofisini na za nyumbani pia, inalijibu swali hilo vizuri kuliko nyingine zote nilizozijaribu, na inalijibu kwa kipengele kimoja ambacho watumiaji wengi hukipita bila kukielewa.

Nianze kwa ufupi na asili yake, kwa kuwa inaeleza mengi kuhusu umbo lake la sasa. Mwaka 2015 Microsoft iliinunua 6Wunderkinder, kampuni ya Berlin iliyokuwa imetengeneza Wunderlist, programu ya orodha iliyopendwa sana kwa wepesi wake. Toleo la kwanza la majaribio la To Do lilitolewa mwaka 2017, mambo mengi mazuri ya Wunderlist yakahamishiwa humo kidogo kidogo, na tarehe 6 Mei 2020 Wunderlist ikafungwa. Mwaka 2019 mwanzilishi wake, Christian Reber, alikuwa ameomba hadharani auziwe tena programu yake ili isizimwe, lakini ombi hilo halikuzaa matunda. Historia hiyo nitaigusa tena mbele, nitakapofika kwenye suala la nani hasa anamiliki orodha zako.

Muundo wa programu hauhitaji maelezo mengi. Kuna orodha unazozitengeneza mwenyewe, nazo zinaweza kukusanywa katika makundi. Ndani ya orodha kuna kazi. Na kila kazi inaweza kubeba hatua ndogo, maelezo, tarehe, kikumbusho, marudio na faili ya kuambatisha. Inapatikana bila malipo kwa yeyote mwenye akaunti ya Microsoft, kwenye simu za Android na iPhone, kwenye kompyuta za Windows na Mac, na kwenye kivinjari. Kazi uliyoiandika kwenye simu isiyo na mtandao huhifadhiwa, kisha hufika kwenye vifaa vyako vingine intaneti inaporudi. Washindani wake wakubwa wanayo hayo yote, kwa hiyo sitakaa hapo.

Kinachoitofautisha ni ukurasa unaoitwa Siku Yangu. Huu si orodha kama nyingine, bali ni mahali pa kuziita kazi kutoka katika orodha zako zote zikae pamoja kwa siku moja tu. Saa sita ya usiku inapofika, ukurasa hujisafisha. Kazi zilizokamilika hubaki katika kumbukumbu za orodha zao, zisizokamilika hubaki palepale zilipotoka, wala hakuna kinachopotea. Kinachoondoka ni uamuzi wa jana. Asubuhi unapofungua programu unakuta ukurasa mtupu. Kuna kitufe chenye alama ya balbu ambacho ukikigusa hukuletea mapendekezo: kazi zilizopitwa na tarehe, zinazotakiwa leo au karibuni, ulizoziweka jana zikabaki, na ulizoziandika hivi majuzi. Unayoigusa inaingia, na usiyoigusa inabaki ilipo mpaka siku nyingine.

Wapo watumiaji wanaolalamika kwamba kuchagua upya kila asubuhi ni kuongezewa kazi juu ya kazi, na kwamba programu ingepaswa kuzisogeza yenyewe kazi zilizobaki jana. Ninalielewa lalamiko hilo, lakini sikubaliani nalo hata kidogo. Programu inayosogeza kazi yenyewe hujenga, siku baada ya siku, mlolongo wa mistari ambayo jicho limeizoea kiasi cha kutoisoma tena, na mwenye orodha huishia kuhisi kwamba ana deni lisilolipika. Lakini ukilazimika kuirudisha kazi hiyohiyo kwa mkono wako mwenyewe, ikifika mara ya tatu au ya nne utaanza kujiuliza maswali yenye maana. Ina nini hata naikwepa? Je, ni kubwa mno kumalizika kwa mara moja? Ilipaswa kufanywa na mtu mwingine? Au imekwisha kupitwa na wakati, nami naogopa tu kuifuta? Maswali haya hayawezi kuulizwa na mashine, ila mashine inaweza kutengeneza nafasi ya kuyauliza, na hilo ndilo To Do inalolifanya.

Faida ya pili ya ukurasa huo huonekana jioni. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda wa kazi kuwa mfupi kuliko utakaotumika kweli, hata pale anapojua fika kwamba kazi za namna hiyo zilimchelewesha huko nyuma. Orodha ndefu huificha tabia hiyo, kwa sababu hakuna anayetarajia kuimaliza kwa siku moja. Kazi arobaini zikibaki thelathini na sita, mtu hashtuki. Ukurasa wa siku moja huifichua. Ukichagua kazi kumi na mbili asubuhi na jioni ukakuta umemaliza nne, unapata taarifa ya kweli kuhusu siku yako, na kesho utachagua kwa busara zaidi. Mshika mbili moja humponyoka, na anayeshika kumi na mbili hali yake ni mbaya zaidi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni asizidishe kazi tano au sita katika Siku Yangu, mojawapo ikiwa ile nzito anayoiahirisha, na aziongeze tu pale ambapo tano za kwanza zimekwisha.

Hata hivyo, ni lazima isemwe kwamba programu yenyewe haikuwekei kikomo chochote. Unaweza kuingiza kazi hamsini katika Siku Yangu nayo isikuonye. Wala haina mahali pa kuandika kwamba kazi fulani inahitaji dakika ishirini na nyingine saa tatu, ili ikujumlishie na kukuonyesha kwamba siku yako imekwisha kujaa. Kwangu mimi hili ni pengo kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu linaidhoofisha nguvu yenyewe ya programu: anayechagua bila kujua uzito wa anachokichagua anachagua kwa kubahatisha.

Kipengele kingine kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni hatua, yaani vijikazi vinavyoandikwa ndani ya kazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba lengo ambalo halijatimizwa huendelea kuingilia mawazo ya mtu hata anaposhughulika na mambo mengine, na kwamba usumbufu huo hupungua akishaweka mpango mahususi wa jinsi ya kulitimiza. Tuangalie vizuri: kinachotuliza akili si lazima kiwe kumaliza kazi, kwani hata mpango ulio wazi una uwezo huo. Hapo ndipo orodha nyingi huangushwa na wenyewe. Anayeandika "ripoti" hajaweka mpango; ameandika jina la hofu yake. Anayeifungua kazi hiyo na kuandika ndani yake "kuomba takwimu za miezi mitatu kutoka kwa mhasibu", kisha "kuandaa jedwali", kisha "kuandika kurasa mbili za mwanzo", amejiwekea mahali pa kuanzia ambapo hapahitaji ushujaa.

To Do inalitendea jambo hili haki kwa namna mbili. Chini ya jina la kazi huonyesha ni hatua ngapi zimekamilika kati ya zote, kwa hiyo kazi kubwa haionekani kuwa imesimama wakati unaisogeza. Pia hatua yoyote inaweza kupandishwa cheo ikawa kazi kamili, jambo linalosaidia sana pale unapogundua katikati ya safari kwamba kilichoonekana kidogo kina uzito wake. Upungufu wake ni kwamba hatua haiwezi kupewa tarehe wala kikumbusho chake, na hatua haiwezi kuwa na hatua nyingine ndani yake. Kwa mradi wenye matawi mengi, Todoist, programu nyingine ya orodha ya kazi ambayo imekuwapo tangu mwaka 2007 na inaruhusu kazi ndani ya kazi, kila moja na tarehe yake, inafaa zaidi. Kwa shughuli za kila siku sijaona hasara kubwa. Mara nyingi kazi inayodai ngazi tatu za hatua inapaswa kuwa orodha inayojitegemea.

Tarehe na vikumbusho ndipo ninapoona watu wengi wakiiharibu orodha yao wenyewe. Programu hii inatenganisha vitu viwili: tarehe ya kukamilisha, ambayo ni siku tu bila saa, na kikumbusho, ambacho kina siku na saa na huleta arifa kwenye simu. Utengano huo ni sahihi, kwa sababu siku ambayo jambo linapaswa kuwa limekwisha si lazima iwe ndiyo siku ya kukumbushwa. Fomu inayotakiwa Ijumaa inahitaji kikumbusho Jumatano, wakati bado kuna nafasi ya kutafuta saini inayokosekana. Tatizo huanza pale mtu anapozipa tarehe kazi zote, hata zile ambazo hakuna atakayedhurika zikichelewa. Baada ya muda tarehe hizo hupita, programu huziandika kwa rangi nyekundu, na nyekundu ikizidi hupoteza maana: ankara ambayo kweli ilipaswa kulipwa jana inakaa kando ya nia ya kupanga kabati, zote zikipiga kelele kwa sauti moja.

Kanuni ninayoifuata, na ambayo ningependa kila mtumiaji mpya aijaribu, ni kwamba tarehe hupewa tu kazi ambayo ikichelewa kuna mtu atauliza, faini itatozwa, au fursa itapotea. Nyingine zote hukaa bila tarehe katika orodha zake na kusubiri kuitwa kwenye Siku Yangu. Ukifanya hivyo, ukurasa wa kazi zenye tarehe hubaki mfupi na wa kuaminika, na unaweza kuutazama kwa moyo mtulivu. Niongeze hapa kwamba programu hutambua tarehe iliyoandikwa ndani ya jina la kazi kwa baadhi ya lugha, lakini anayeandika kwa Kiswahili itambidi aiguse tarehe kwenye kalenda mwenyewe. Todoist nayo, iliyojijengea jina kwa uwezo huohuo, haimsaidii mwandishi wa Kiswahili katika hili.

Kazi za kujirudia zimewekwa vizuri ila si kikamilifu. Unaweza kuchagua marudio ya kila siku, siku za kazi tu, kila wiki, kila mwezi, kila mwaka, au mpango wako mwenyewe, kwa mfano kila wiki ya tatu siku za Jumatatu na Alhamisi. Ukiikamilisha kazi, nakala yake inayofuata hujitengeneza. Kinachokosekana ni chaguo la kuhesabu kuanzia siku uliyoikamilisha. Kuna kazi zinazofuata kalenda, kama kulipa kodi ya nyumba, na kuna zinazofuata tendo lenyewe, kama kubadilisha kichujio cha maji miezi mitatu baada ya kilichopita kubadilishwa. Todoist inazitofautisha aina hizi mbili; To Do haimpi mtumiaji nafasi ya kuzitofautisha, na itakubidi uibadilishe tarehe kwa mkono kila unapochelewa.

Kuhusu vipaumbele, kuna nyota moja tu: kazi ni muhimu au si muhimu. Todoist ina ngazi nne, na wengi huhesabu hilo kuwa ushindi wake. Mimi naona nyota moja inatosha, mradi Siku Yangu inatumika ipasavyo, kwa kuwa kazi iliyochaguliwa kufanywa leo imekwisha kupewa kipaumbele kwa kuchaguliwa kwake. Ninapokubali bila kusita kwamba Todoist iko mbele ni katika vichujio. Humo unaweza kuandika sharti, kama vile kazi zote za lebo fulani zisizo na tarehe, na ukahifadhi jibu lake kama ukurasa wa kudumu. Kwenye To Do unaandika alama ya reli (#) na neno ndani ya jina la kazi, unaligusa, na unapata kazi zote zenye neno hilo. Hapo ndipo uwezo unapoishia. Lakini mpango wa bure wa Todoist una kikomo cha miradi mitano ya binafsi, wakati To Do haimnyimi mtumiaji kipengele kwa sababu hajalipa, na kwa mtu anayetaka kutenganisha nyumba, ofisi, masomo, kikundi na afya tofauti hiyo si ndogo.

Kushirikiana ni rahisi. Orodha hushirikiwa kwa kiungo, na ndani ya orodha ya pamoja kazi inaweza kukabidhiwa kwa mtu mahususi, ambaye ataiona katika ukurasa wa kazi alizokabidhiwa. Kwa familia inayogawana shughuli za nyumbani au kwa watu wawili wanaoandaa hafla, inatosha kabisa. Jambo la kuzingatia ni kwamba yeyote atakayepata kiungo hicho anaweza kujiunga. Kwa hiyo wanaotakiwa wakishaingia, fungua mipangilio ya kushiriki na uifunge orodha kwa wanachama waliopo. Hakuna mahali pa kujibizana chini ya kazi, na timu ya ofisi yenye mijadala mirefu itaikuta finyu.

Anayetumia Outlook, programu ya barua pepe na kalenda ya Microsoft, atapata faida ya ziada, kwa kuwa barua pepe aliyoiwekea alama ya bendera hujitokeza yenyewe kama kazi, na ndani ya kalenda ya Outlook kazi inaweza kuburutwa hadi kwenye saa maalumu. Anayeishi ndani ya Gmail yuko karibu zaidi na Google Tasks, ambayo kazi zake zenye tarehe huonekana moja kwa moja katika Kalenda ya Google, ingawa ni programu nyembamba kwa mambo mengine karibu yote.

Sasa nirudi kwenye suala la umiliki. Wunderlist ilikuwa na watumiaji wengi waliokuwa wameweka humo mipango ya miaka, na ilifungwa hata hivyo. Microsoft ilitoa njia ya kuhamisha orodha hizo hadi To Do, jambo la kusifiwa, lakini mtumiaji hakuwa na sauti katika uamuzi wenyewe. Ndiyo maana nalitazama kwa uzito mkubwa suala la kutoa data zako nje. Ndani ya To Do hakuna kitufe cha kuhamisha orodha zote kwa pamoja kwenda katika faili unayoweza kuifungua kwingine. Unaweza kuichapisha orodha moja moja au kuituma kwa barua pepe, na anayetaka zaidi analazimika kupitia Outlook. Todoist humruhusu mtumiaji kuutoa mradi wake katika faili ya kawaida ya jedwali. Kwa kuwa kazi zako hukaa kwenye seva za kampuni, na kwa kuwa usimbaji wake, yaani namna ya kuzificha data kwa msimbo, si wa aina inayomzuia hata mwenye seva kusoma, usiandike katika maelezo ya kazi nywila, namba za siri za benki, wala habari za afya za mtu mwingine. Andika "kupiga simu maabara" na ukumbuke mwenyewe ni kwa jambo gani.

Kwa mwanafunzi, mfanyakazi wa ofisini, mzazi, au yeyote ambaye tatizo lake ni kuwa na mambo mengi madogo yanayogombania siku moja, ningeipendekeza Microsoft To Do kabla ya nyingine, kwa sharti kwamba ataitumia Siku Yangu kila asubuhi na hatageuza orodha zake kuwa ghala la tarehe nyekundu. Kwa msimamizi wa miradi anayehitaji vichujio, ngazi na marudio ya kila aina, Todoist ndiyo ya kuanza nayo. Na kwa waundaji wa To Do nina maombi mawili: waweke nafasi ya kuandika muda unaokadiriwa kwa kila kazi, ili ukurasa wa siku uonyeshe jumla ya saa zake kabla siku haijaanza, na waweke ndani ya programu yenyewe kitufe cha kutoa orodha zote katika faili moja, kinachofanya kazi kwenye simu kama kwenye kompyuta.